Jeneza la Watu

Jua lilikuwa limeanza kutumbukia baharini, nyuma ya njia ya kurukia ndege, Avonel alipoinuka kwenda kuuliza tena. Ezron alikuwa kiunoni, begi la nepi begani, chupa ya maziwa iliyobaki nusu mkononi. Ilikuwa safari fupi tu, kutoka kitini mpaka kaunta. Lakini mchana huo alikuwa ameifanya mara nyingi mno, hata miguu yake sasa ilikwenda yenyewe bila kuagizwa.

"Dada, ile ndege ya Dominica..."

Dada wa kaunta aliitwa Roshel, kwa kibati kilichokuwa kifuani pake. Hakuinua macho. Alikuwa anapiga kucha zake nyekundu juu ya meza. Ta-ta-ta. Ta-ta-ta.

"Habari za jioni," alisema Roshel.

"Nauliza ndege ya..."

"Nimesema habari za jioni. Kwenu hawafundishi salamu?"

Avonel akaimeza hasira kama mtu anayemeza mwiba. "Habari za jioni, dada. Samahani. Ndege ya Dominica itafika lini?"

"Ikifika."

"Ndiyo, lakini lini?"

"Ikifika tutawaita. Kaa."

Kaa, tutakuita. Tangu asubuhi wimbo ulikuwa huohuo. Walikuwa wametoka kisiwa cha Tortola alfajiri, wakashushwa hapa Sent Odili wabadilishe ndege, wakaambiwa ni kusubiri kidogo tu. Kwanza wakaambiwa ndege ina hitilafu. Kisha rubani hajafika. Kisha kuna mvua kubwa huko mbele. Na nje ya dirisha anga lilikuwa jeupe kama sahani iliyooshwa.

"Umepata jibu, binti?" aliuliza baba mmoja mnene aliyekuwa amejifunika gazeti usoni.

"Nimeambiwa nikae."

"Basi kaa. Ndege za hapa ni kama mume mlevi. Hujui atakuja saa ngapi, ila akija utamsikia."

"Na akija, amekuja mikono mitupu," alidakia mama aliyekaa nyuma yake. Watu wakacheka kicheko cha kuchoka.

Avonel hakucheka. Angewezaje? Nyumbani Dominica, katika chumba cha mbele, Ma Titin alikuwa amelala ndani ya jeneza. Ma Titin ndiye bibi aliyemlea yeye na dada yake Mavrine tangu wakiwa wadogo. Usiku huu ulikuwa wa mkesha wa matanga. Alfajiri padri angefika, azike haraka, awahi kijiji kingine. Padri hangoji mtu.

Tena haikuwa suala la kulia tu. Kulia mtu anaweza kulia popote.

Suala lilikuwa Ezron.

Huyu alikuwa mtoto wa Mavrine, na kitukuu pekee wa Ma Titin. Bibi alimwona mara moja tu, alipopelekwa akiwa mchanga. Alimkumbatia akakataa kumtoa. "Huyu wangu," alisema. "Hata nikifa, nitarudi kumbeba." Siku ile wote walicheka. Sasa hakuna aliyekuwa anacheka.

Kwao, mtu akifa, watoto wadogo wa nyumba huvushwa juu ya jeneza kabla halijaenda ardhini. Mmoja anasimama upande huu, mwingine upande ule. Mtoto anapokewa mikononi, mara tatu, na jina lake linatajwa kila mara. Maiti anamwona, anamuaga, anamwacha. Mtoto asiyevushwa, marehemu humkumbuka. Hugeuka jumbi, mzimu usiotulia, akarudi jua likizama kucheza naye. Na mtoto hucheza. Hucheza mpaka akaisha.

Avonel alimkumbuka Kurtis wa jirani. Babu yake Kurtis alizikwa mbiombio kwa sababu ya kimbunga, hakuna aliyekumbuka kumvusha mtoto. Kurtis akaanza kuchekea pembe ya dari. Akawa hali chakula. Krismasi haikumkuta.

Ndiyo maana Mavrine, aliyenyimwa ruhusa kazini, alimshika mdogo wake mabega yote mawili pale Tortola. "Avo, nisikilize. Usipitiwe. Kabla hawajafunga jeneza. Mara tatu. Mimi sina mwingine." Akampa chupa ndogo mbili azipeleke: moja maji ya baraka, nyingine ramu ya majani, ile dawa kali wazee hujipaka kichwani na maiti huoshwa nayo.

Askari wa ukaguzi walizitupa zote mbili ndani ya pipa.

"Haya ni maji ya baraka, kaka," Avonel aliwasihi.

"Maji ni maji," askari alijibu. "Mwingine!"

*

Ezron alianza kulia. Alilia kile kilio cha mtoto aliyechoka, kisicho na chozi wala mwisho. Avonel akambembeleza, akamwimbia, akampa chupa. Mtoto akaisukuma. Watu wakaanza kugeuza shingo.

Halafu akanyamaza.

Ghafla tu. Kama mtu aliyezimwa.

Alikuwa ameinyoosha mikono yake miwili mbele, kuelekea viti vya mwisho kando ya mlango wa mizigo. Pale alikuwa ameketi bibi mmoja peke yake. Alivaa kofia nyeusi na koti zito la sufu, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Joto lile! Watu wote walikuwa wanajipepea na tiketi zao, yeye hana hata jasho.

"Ana hasira," bibi alisema taratibu. "Kama mimi."

Avonel alisogea, akakaa karibu. Alisikia harufu. Ramu ya majani. Harufu ya Ma Titin, harufu ya kila jioni ya utoto wake. Mara akajikuta amemwamini bibi huyu bila kuulizana majina.

"Habari za jioni, bibi. Na wewe unangoja ya Dominica?"

"Nangoja yoyote itakayonichukua, mwanangu."

"Tangu asubuhi?"

"Asubuhi?" Bibi alicheka bila sauti. "Siku zimechanganyika. Kila ndege ikija wanasema imejaa. Hawaniiti."

"Hawana haya hawa! Mtu mzima kama wewe!"

"Nimekaa ugenini miaka mingi, kwenye baridi. Nikasema, angalau nirudi nilale kwetu. Sasa nimefika mlangoni, mlango haufunguliwi."

Ezron alikuwa anajinyonganyonga, anamtaka. Bibi aliikunja mikono yake mapajani.

"Mchukue kidogo, bibi, anakupenda."

"Mimi sishiki mtoto wa mtu mpaka nipewe," alisema. "Ukinipa mwenyewe, ndipo."

Avonel alidhani ni adabu tu.

Akasimama, damu ikimchemka, akarudi kaunta. Kwa ajili yake mwenyewe alikuwa amechoka kugomba, lakini kwa ajili ya bibi wa watu alipata nguvu mpya.

"Habari za jioni, dada Roshel. Kuna bibi pale amekaa siku nzima na hamjamwita hata mara moja."

Kucha zikaendelea. Ta-ta-ta. "Ana mtu wake hapa?"

"Hana mtu."

"Basi asubiri kama wengine. Tutamwita."

"Lini?"

"Binti, unaona nina mabawa? Mimi ndiye ndege? Kaa!"

Kabla Avonel hajafika kitini, kipaza sauti kikakoroma juu ya vichwa vyao. Krrr... Abiria wa Dominica wanaombwa radhi. Safari yao imeahirishwa hadi kesho, mchana.

Kesho mchana.

Ukumbi ulilipuka. Baba mnene alilitupa gazeti chini. Mama wa nyuma alianza kutukana ukoo mzima wa rubani. Avonel alisimama katikati ya kelele, mtoto kiunoni, akawa anaona shimo. Shimo limechimbwa, jeneza linashuka, watu wanatupa udongo. Na Ezron hayupo.

Alipiga simu nyumbani. Mjomba Fitzroy alipokea, nyuma yake nyimbo za mkesha zikisikika.

"Mjomba, ndege haiji. Mwambieni padri asubiri."

"Padri asubiri? Unamjua padri au unamsikia?"

"Basi msifunge jeneza, mtoto hatawahi kuvushwa..."

"Avonel, bibi yako hawezi kungoja zaidi. Unanielewa? Joto hili. Hawezi." Kisha sauti yake ikapungua. "Utafanyaje, mwanangu. Tuombe Mungu."

Simu ikakatika. Na taa nazo zikazimika.

*

Umeme ulipokatika, mapangaboi yalizunguka kidogo, yakalegea, yakasimama. Joto likashuka juu ya watu kama blanketi bichi. Nje palikuwa na wekundu kidogo tu juu ya bahari. Ndani, watu walikuwa vivuli.

"Mwanangu."

Bibi alikuwa amesimama kando yake. Avonel hakumsikia akija.

"Umesema mtoto hatawahi kuvushwa."

"Hawezi tena, bibi." Hapo machozi yakamtoka, machozi ya hasira. "Nimekaa, nimenyamaza, nimesalimia! Kila walichosema nimefanya. Sasa mtoto wa dada yangu..."

"Shh..." Pumzi yake ilikuwa baridi. Harufu ya ramu ya majani ilikuwa kali sasa. "Lipo jeneza hapa."

"Jeneza gani?"

"Chumba cha mizigo. Linangoja, kama sisi."

"Si la bibi yangu."

"Wafu wote kijiji kimoja, mwanangu. Mmoja akimwona mtoto, kesho wote wanazo habari. Titin ataambiwa."

Baadaye, kwa siku nyingi, Avonel alijitahidi kukumbuka kama alikuwa amemtajia bibi yule jina la Titin. Hakukumbuka. Wakati ule hata hakuliwazia. Alichokiona ni mlango uliofunguliwa, baada ya siku nzima ya milango kufungwa.

Akamfuata.

Chumba cha mizigo kilikuwa nyuma ya pazia la plastiki. Sakafu ya saruji. Harufu ya mafuta ya ndege, samaki wakavu, na ile harufu nyingine. Katikati, juu ya vigogo viwili, lilikuwapo sanduku refu lililofunikwa turubai. Mwanga mwekundu wa mwisho ulipenya kwenye tundu la ukutani ukaligusa kidogo, ukaondoka.

"Ni nani huyu, bibi?" Avonel alinong'ona.

"Mtu aliyechoka kusubiri."

"Ana watoto?"

"Hakujaliwa," bibi alisema.

Alikuwa tayari upande wa pili wa jeneza. Alifikaje kule? Avonel alibaki upande wa mlangoni. Kati yao, lile sanduku.

"Jina lake kamili," bibi alisema. "Maiti hasikii jina nusu."

"Ezron Mikael Laronde."

"Haya. Nipe."

Avonel akamwinua mtoto. Akamnyoosha juu ya turubai, juu ya giza, na mikono miwili ikampokea kutoka upande wa pili. Vidole vikagusa vidole vyake.

Barafu.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Ezron hakulia. Alicheka.

Mikono ikamrudisha. "Ezron Mikael Laronde," bibi alisema, polepole, kama mtu anayeonja chakula alichokikosa miaka mingi. Mara ya pili.

"Nipe," alisema tena.

Avonel alisita. Kuna kitu moyoni kilimvuta nguo. Kukimbia? Akimbilie wapi? Kwenye kaunta? Akamnyoosha mtoto kwa mara ya tatu. Mikono ikampokea, na jina likatajwa.

Lakini halikutoka upande wa pili.

Lilitoka chini.

Chini ya Ezron. Chini ya turubai. Chini ya ubao.

"Ezron... Mikael... Laronde..."

Avonel alirudi nyuma hatua, mgongo ukagonga ukuta.

"Bibi? Bibi, nirudishie mtoto."

Ikaja sauti ndogo, kama ukucha ukipita juu ya mbao. Krrr... Krrr...

"Bibi, nimesema nipe mtoto wangu!"

Alijitupa gizani. Akapapasa turubai, akapapasa ubao, akazunguka kwa mikono, akajikwaa. Hakuna koti. Hakuna mtu. Akaanza kupiga kelele, na ndipo taa zikawaka.

Ezron alikuwa amekaa sakafuni upande wa pili, ameegemea jeneza kama mtoto anavyoegemea miguu ya bibi yake. Anacheka. Nywele zake zilikuwa zimelowa. Zinanuka ramu ya majani.

"We binti! Kelele za nini humu?"

Alikuwa mpakiaji wa mizigo, mzee mwenye sigara sikioni. Alisimama mlangoni.

"Yule bibi kapita wapi?" Avonel alikuwa amemkumbatia mtoto mpaka mtoto akaguna.

"Bibi gani?"

"Mwenye koti! Alikuwa hapa!"

"Mlango ni huuhuu mmoja, na mimi nimekaa nao tangu umeme ukatike. Nimekuona wewe unaingia unaongea peke yako, nikasema maskini, safari imemchanganya."

Avonel alilitazama jeneza. Turubai upande mmoja lilikuwa limefunuka.

"Hili la nani?"

"Bibi mmoja kaletwa kutoka Uingereza. Siku kadhaa sasa. Kila ndege imejaa, na hakuna aliyekuja kuuliza." Mzee akalivuta turubai, akalifunika vizuri, kwa heshima. "Hata mimi naona aibu."

"Anaitwa nani?"

"Mimi nabeba, mwanangu, si..."

Krrr... Kipaza sauti kikamkata. Abiria wa Dominica, abiria wa Dominica, ndege imeshatua, panda sasa hivi, sasa hivi, mlango unafungwa!

Haikuahirishwa. Ilikuja. Siku nzima haikuja, na sasa ilikuja.

Avonel alikimbia. Alipita kaunta mbio, begi likimpiga mgongoni. Roshel alikuwa mlangoni anachana tiketi, akamtazama juu mpaka chini.

"Si nilikwambia tutakuita?"

Ndege ilipoanza kujongea, Avonel aliangalia dirishani. Kando ya njia, chini ya taa, palikuwa na mkokoteni, na juu ya mkokoteni lile sanduku. Walikuwa wamelitoa, halafu wakaliacha. Ndege imejaa.

Ezron aliinua mkono wake mdogo, akapunga.

Hakuna aliyewahi kumfundisha kupunga.

*

Waliwahi. Hilo ndilo lililomuuma Avonel kuliko yote. Walifika mkesha bado unaendelea, wazee wanapiga domino barazani, kahawa inachemka, wanawake wanaimba kwa sauti zilizokauka. Jeneza lilikuwa wazi. Ma Titin alikuwa amelala na shanga zake mkononi, uso umetulia.

"Sifa kwa Mungu!" Mjomba Fitzroy alimnyakua Ezron. "Njoo, Ma Philo, tumvushe."

Ma Philo, mdogo wake marehemu, akasimama upande wa pili. Wakamvusha. Ezron Mikael Laronde. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Mtoto hakumtazama Ma Titin hata kidogo. Shingo yake ilikuwa imegeukia mlangoni, kwenye giza, na alikuwa anatabasamu.

Ma Philo alimpokea mara ya mwisho, akamnusa kichwani. Uso ukabadilika.

"Nani kampaka mtoto ramu ya majani?"

Avonel akaeleza, yote, bila kuficha. Alipomaliza, hata domino barazani zilikuwa zimenyamaza.

"Ulimtaja jina kamili?" Ma Philo aliuliza.

"Ndiyo."

"Mara ya tatu alibaki mikononi mwa nani?"

"Umeacha shule, ukaacha na akili hukohuko?" Mjomba Fitzroy alifoka. "Jeneza la watu! Nani anavusha mtoto juu ya jeneza la watu?"

"Ndege haikuja, mjomba! Mlitaka nifanye nini?"

"Ungekaa!"

"Nilikaa! Siku nzima nilikaa!"

Ma Philo aliwanyamazisha kwa mkono. Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Titin alikuwa anamjua huyu mtoto. Ukimvusha juu yake, anamuaga. Lakini huyo mwingine hakuwa anamjua. Hawezi kuaga asiyemjua. Wewe hukumuagisha, mwanangu. Umemtambulisha."

"Nitafanyaje?"

"Inabidi aitwe. Marehemu aitwe kwa jina lake, aambiwe kwa adabu mtoto ana kwao, amrudishe. Jina lake nani?"

Chumba kizima kikamtazama.

"Sijui," alisema Avonel.

*

Ma Titin alizikwa alfajiri, padri akaondoka kabla udongo haujasawazishwa. Mavrine alipiga simu kutoka Tortola akilia kwa furaha kwamba waliwahi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Avonel akabaki na mtoto kijijini mpaka dada yake apate likizo.

Na kila siku anapiga simu uwanja wa Sent Odili.

"Habari za asubuhi," anasema, kwa sababu sasa hasahau. "Naulizia jeneza. La bibi aliyetoka Uingereza. Nataka jina lake tu."

"Wewe ni ndugu?"

"Hapana, lakini..."

"Habari za marehemu tunampa ndugu."

"Hana ndugu! Ndiyo maana nauliza!"

"Subiri kwenye simu."

Anasubiri. Muziki unapigwa. Muziki unakatika. Siku nyingine anaambiwa jeneza lilishaondoka. Siku nyingine anaambiwa halijawahi kuwapo. Mara moja alipata sauti ya Roshel, aliijua kwa zile kucha. Ta-ta-ta. Roshel alisikiliza yote, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetazama nyuma yake kwanza: "Huyo bibi... alikuwa na koti?"

"Ndiyo! Dada, ndiyo! Jina lake nani?"

Simu ikawa na upepo tu.

"Tutakupigia," Roshel alisema. Hajapiga.

Ma Titin aliwafundisha wajukuu wake tangu wadogo: ukiitwa jua likizama, usiitike mpaka mara ya tatu. Jumbi ana pumzi mbili tu, ya tatu hana. Ukiitika kabla, umeenda. Kila mtoto wa kijiji anaijua sheria hii kabla ya kujua kuhesabu vidole.

Ezron haijui. Ezron ndiyo kwanza anajifunza kuongea.

Sasa kila magharibi Avonel anafunga madirisha, anakaa kitandani, anampakata. Mbwa wa jirani ananyamaza kwanza. Kisha inakuja harufu, kutoka chini ya mlango. Kisha sauti, si ya ukali, ni sauti ya adabu ya mtu aliyechoka kusubiri.

"Ezron Mikael Laronde..."

Avonel anamziba mtoto mdomo kwa kiganja. Anasikia pumzi yake ikijaa, midomo ikichezacheza, ikilitafuta neno la kuitikia. Majirani wamelisikia mchana, wanafurahi: jamani, mtoto ameanza kusema! Anasema, "Naa... naa..."

"Ezron Mikael Laronde..."

Na kimya. Kimya kirefu, pale ambapo jina la tatu lingekuwa.

Avonel haondoi mkono mpaka mbwa abweke tena. Haendi kisimani jioni, haendi kanisani jioni, hajui atafanya nini siku akiugua homa, au akipitiwa na usingizi. Anakaa tu. Ameambiwa akae.

Na wiki hii, Ezron ameanza kuota meno; kila kinachoziba mdomo wake anakiuma.